Siku Mama Alipokataa Kuinuka Mkekani

Katika familia yetu sheria nzuri hufika zimechelewa, kama mgeni anayeshuka treni ya Kasaji wakati vyombo vya chakula vimeshaoshwa. Nasema hivi bila uchungu mwingi. Nafundisha uraia kwenye shule ya sekondari hapa Kolwezi, na kila Jumamosi asubuhi nasoma sheria za nchi kwa Kiswahili kwenye redio ndogo ya mtaani, kwa hiyo napaswa kuzungumza juu ya sheria kwa heshima. Heshima ninayo. Subira ndiyo sina, na wanaonijua watakuambia kwamba sikuwahi kuwa nayo.

Nyanya yangu, mama yake mama, alitoka Kasaji akaja kuolewa kwenye kambi ya kampuni huko Musonoi, enzi za Wazungu. Kambini mwanamke alikuwa namba ya mume wake. Kwa namba hiyo alipewa posho ya unga na samaki mkavu, kwa namba hiyo alitibiwa, na mume akifa au akifukuzwa kazi, namba inafutwa na mwanamke anafunga mizigo. Jioni hakuruhusiwa hata kukanyaga upande wa mji walikoishi Wazungu. Nyanya alitusimulia haya huku akicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, na kilichomchekesha zaidi ni kura. Uchaguzi wa kuelekea uhuru ulikuwa wa wanaume. Yeye hakujua. Alivaa kitenge kipya, akafuatana na mume wake mpaka mlangoni, na pale mlangoni akaambiwa arudi nyumbani akapike. Miaka ikapita, chama kikawa kimoja, ndipo wanawake nao wakaitwa kupiga kura. Mezani kulikuwa na kadi mbili tu, ya kijani kwa kusema ndiyo na nyekundu kwa kusema hapana, na askari alikuwa amesimama karibu na ile nyekundu.

"Balinipatia kisu wakati nyama ilisha kwisha," nyanya alikuwa akisema, kisha anaomba aongezewe munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Mama yeye alisomea ukunga. Alipopata nafasi kwenye zahanati ya Musonoi, wakamwambia alete kwanza ruhusa ya mume wake. Ndivyo sheria ilivyotaka: mwanamke aliyeolewa hakuweza kushika kazi, wala kununua kiwanja, wala kusimama mahakamani, mpaka mume akubali. Mwaka 1987 tukapata Sheria ya Familia, kitabu kinene chenye mambo mengi mazuri ndani yake, na ruhusa ile ya mume nayo ikaandikwa humo humo, ikakaa raha mustarehe.

Baba alikuwa mchimbaji wa kampuni na mtu mpole. Alisaini bila neno. Lakini alipenda utani kupita kiasi, na kwa miaka mingi, kila walipokorofishana, alikuwa akisema: "Mama, angalia sana. Nitatosha sinyatire yangu." Maana sheria ilimruhusu hata hilo, kuirudisha sahihi yake mfukoni siku yoyote. Sisi watoto, mimi na mdogo wangu wa kike, tulikuwa tukivunjika mbavu. Mama alimwekea bukari, ndiyo ugali wetu, bila mboga, akamwambia achovye kwenye hiyo sinyatire. Mara nyingi naye alicheka. Siku nyingine hakucheka, na siku hizo baba alitoka akaenda kukaa uani peke yake mpaka aitwe.

Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, ruhusa ya mume ikafutwa. Niliisoma redioni mimi mwenyewe. Kabla sijamaliza, simu ya wasikilizaji ikalia.

"Mi ni musikilizaji wa Musonoi," ikasema sauti ya baba, kana kwamba singeitambua. "Minauliza, madamu wa redio. Sinyatire yangu njo ilisha kufa?"

"Ilisha kufa, tata," nikamjibu hewani.

"Alor, tuizike muzuri. Ilinisaidia sana."

Nyuma yake nilimsikia mama akicheka mpaka akakohoa. Mtaa mzima ulizungumza juu ya simu ile, na kwa muda baba alijiona mtu maarufu.

Alifariki miaka michache baadaye, katikati ya mvua, kwa ugonjwa wa kifua. Alituachia nyumba. Ni nyumba ya kampuni ya zamani, ya matofali, yenye sakafu nyekundu, aliyopewa alipostaafu. Ukisimama nyuma ya lupango, yaani uwanja wa nyumba na uzio wake, unaona ukingo wa shimo la mgodi, na alasiri wanapolipua mawe vikombe vinagongana kabatini. Mama alishazoea, saa ikikaribia huwa anaviwekea kitambaa katikati. Siku baba alipokufa kulikuwa na uvumi kwamba shimo litapanuliwa na kwamba wenye nyumba za upande ule watahamishwa na kupewa nyumba nyingine mpya. Uvumi ule ulifika hadi Fungurume, anakokaa mdogo wake baba, tunayemwita baba muloko.

Baba muloko ana malori mawili yanayobeba mizigo ya mgodini. Alikuja kwenye kilio na lori moja, tupu. Alilia kwelikweli, akagaragara chini, na hilo nalisema ili nisimwonee. Lakini lori lilikuwa tupu, na mimi nililiona.

Aliyefuata ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Alitoka kaskazini, kwao baba, kwa treni na baadaye kwa lori la magunia. Shangazi ni mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka. Tangu mwanzo hakumpenda mama kwa sababu alitoka Kasaji, ambako alisema wanaume hupika. Kisha, nilipokuwa namaliza shule ya msingi, mume wake shangazi alifariki, naye akatokea kwetu Musonoi akiwa na binti yake mdogo na sufuria moja. Akakaa jikoni kwetu msimu mzima wa mvua. Mama alimlisha, akamvisha, hakumwuliza chochote, na nadhani shangazi hakumsamehe kwa wema ule. Aliporudi kaskazini kulima shamba la kuazima, aliondoka bila kuaga vizuri.

Sasa alikuwa amerudi kama mkubwa wa ukoo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumketisha mama mkekani.

Hiyo ni desturi ya kwao baba. Mjane huketishwa kwenye mkeka katika chumba cha mbele, mgongo ukutani, uso mlangoni. Hampi mtu mkono. Anakula kwenye sahani yake peke yake, na akienda kuoga anasindikizwa na mwanamke wa ukoo wa marehemu, amefunikwa kitenge. Hakuna kitu cha marehemu kinachotoka ndani ya nyumba wakati mjane yuko chini. Siku ya kutosha kilio, yaani ya kuondoa matanga, mwanamke yule yule aliyemketisha humshika mkono akamwinua mbele ya wote, na hapo mambo mengine yanaweza kuanza. Mjane akivutwa kwa nguvu, wanasema kifo kinabaki mkononi mwa aliyemvuta.

Mimi desturi ile ilinipandisha hasira. Nilisimama mbele ya shangazi, mchanga wa kaburini ungali kwenye viatu vyangu, nikamwambia kwamba mama ni mkunga, nusu ya Musonoi imezaliwa mikononi mwake, hawezi kuwekwa sakafuni kama gunia. Shangazi hakunijibu. Mama ndiye aliyenijibu, tena akiwa ameshakaa.

"Nyamaza, weye," akaniambia. "Mi nilimupenda baba yako. Nitakaa."

Siku chache baada ya maziko, baba muloko akaita kikao asubuhi. Watu walijaa mpaka uani: majirani, wakunga wa zahanati, shefu wa mtaa, yaani mkuu wake, na vijana wanne wenye misuli ambao hakuna aliyewajua, waliokuwa wameegemea lori. Mama alikuwa mkekani, macho chini.

"Batu ya jamaa, mi siko mutu mubaya," akaanza baba muloko, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Lakini nyumba ni jasho ya ndugu yangu. Hakuacha mutoto mwanaume. Hawa banamuke mbili balisha kuolewa, beko mu manyumba ya batu ingine. Mama atarudia kwabo Kasaji, tutamupatia transipori. Nyumba itabakia mu jamaa."

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilifungua Sheria ya Familia nikasoma kwa Kifaransa, kifungu baada ya kifungu, kwa ile sauti yangu ya Jumamosi ambayo watu husema inafaa sana, kisha nikafafanua kwa Kiswahili safi. Nilisoma vizuri. Sikukosea hata neno.

Baba muloko alisubiri nimalize, kwa adabu.

"Ile ni sheria ya redio, mwana," akasema. "Redio ukiifunga, inanyamaza."

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha. Nikakaa, nikakifunga kitabu. Naye akawageukia wale vijana akawaonyesha kwa kidevu friji ya baba na kabati la vikombe.

Vijana walikuwa wameshalishika kabati, vikombe vinalia ndani, mama aliposema. Hakupaza sauti.

"Mama shangazi. Nani alinikalisha hapa?"

Shangazi aligeuka. "Ni mi."

"Nani ataniinua?"

"Ni mi."

"Bintu ya mufu inaweza kutoka wakati mujane iko chini?"

Nilimwona shangazi akimtazama mdogo wake wa kiume, kisha kabati, kisha mama. Baba muloko alikulia mjini. Alikuwa na haraka ya nyumba, akaanza kutoa vitu kabla mjane hajainuliwa, akaigeuza desturi kichwa chini miguu juu bila kujua.

"Haiwezi," shangazi akasema. "Muiachie ile kabati."

Vijana wakaliachia kabati kana kwamba limewaunguza. Baba muloko akacheka kidogo, akafuta jasho.

"Dakor, yaya," akamwambia, yaani sawa, dada mkubwa. "Basi umuinue sasa hivi, tumalize."

Shangazi akasogea, akanyoosha mkono wake mkavu. Mama hakuushika. Aliukunja wake kwenye mapaja, akauinua uso kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Siinuke," akasema. "Kwanza museme mbele ya batu bote nyumba ni ya nani. Mukisema ya batoto, nitainuka. Mukisema ya jamaa, mi niko hapa. Mulinikalisha benyewe."

Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakikosa la kufanya. Shefu wa mtaa alijikuna kichwa. Baba muloko alimwambia dada yake amvute, na dada yake akamwambia amvute yeye. Mwishowe watu wakaanza kutawanyika, na kutoka uani nikasikia wakunga wa zahanati wakicheka kwa kujibana, kama wanafunzi.

Basi mama akakaa. Alikaa siku ile, na zilizofuata. Mvua ilinyesha, lori likazama matope hadi nusu ya gurudumu. Baba muloko alilala ndani yake, asubuhi anatoka na shingo iliyopinda, anazunguka nyumba, anapiga simu Fungurume, anarudi kumsihi mama kupitia dirishani. Wanawake ambao mama aliwazalisha walileta majani ya sombe, makaa, sabuni. Mdogo wangu aliogopa, alitaka tukubaliane. Mimi nilitaka kwenda mahakamani, na nilienda kuulizia, wakaniambia nilete vyeti kadhaa na nisubiri. Nilirudi nikamkuta mama palepale, dari imemwangushia vumbi la mlipuko kichwani, anakula karanga.

Kilichonishangaza ni shangazi. Desturi ilimfunga yeye pia. Aliyemketisha mjane ndiye anayemsindikiza kuoga, ndiye anayempelekea sahani, kwa hiyo hakuweza kwenda popote. Alikaa kwenye kigoda karibu na mkeka, kutwa nzima, mbele ya mwanamke ambaye yeye alimkimbia miaka yote ile. Mwanzoni walitazama mlango tu, wote wawili. Kisha wakaanza kuzungumza juu ya miguu inavyouma. Kisha mihogo. Kisha baba alipokuwa mtoto, na jinsi alivyoiba kuku wa padri akakamatwa kwa sababu alimwomba msamaha kuku. Mama alicheka, akaziba mdomo, maana mjane hacheki. Shangazi hakucheka, lakini aliirudia hadithi ile toka mwanzo.

Alasiri moja, muda mfupi baada ya mlipuko, shangazi akaniita.

"Leta ile kitabu yako. Usome. Lakini usome mu Kiswahili ya kwetu, si ile ya redio."

Nikaketi sakafuni karibu nao. Sikuwa na hasira siku ile, labda nilichoka. Nikasoma polepole, nikilitafuta kila neno: mutu akikufa, batoto yake njo ba kwanza ku bintu yake. Mujane anabakia mu nyumba yenye balikuwa banaikala bote, na bintu ya ndani inabakia na yeye, anaitumikisha.

"Batoto banamuke pia?"

"Banamuke pia. Sawasawa na banaume."

"Na bandugu ya mufu?"

"Bako, shangazi. Lakini banakuya nyuma ya batoto."

Alifikiri. Alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye ukingo wa mkeka.

"Na hii balibadilisha juzi? Ile wakati ulisomaka ku redio, ndugu yangu alitelefone?"

"Hapana, ile ilikuwa mambo ya ruhusa ya bwana," nikamwambia, na bado nilikuwa na furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Hii ya kuachia batoto iko ya zamani. Iko kutoka mwaka themanini na saba."

Uzi ukakatika mkononi mwake. Ndipo nami nikahesabu, na nikatamani nisingesema. Mwaka mume wake alipokufa, mwaka alipotokea kwetu na sufuria moja, kitabu kile kilikuwa kimeshaandikwa na kutiwa sahihi, na kimekaa kwenye makabati ya ofisi kwa miaka.

"Kwa hiyo," shangazi akasema, "ile siku balinitosha mu lupango yangu, hii sheria ilikuwa?"

"Ilikuwa, shangazi."

"Na mutoto yangu alikuwa mwenye nyumba."

"Alikuwa."

Nje baba muloko alikuwa anajaribu kuwasha lori.

"Mulamu yangu, dada ya bwana yangu, aliniinua asubuhi na mapema, mbio mbio," akasema. "Alasiri nikakuta mulango banaufunga na kufuli. Balinipatia sufuria moja na mutoto yangu. Mi nilipiga magoti. Nilibaambia aksanti."

Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana Kolwezi nzima, nilikaa na kitabu wazi mapajani na machozi yananitiririka. Mama alinyoosha mkono kutoka mkekani akaushika mguu wa shangazi. Mjane haruhusiwi kumgusa hivyo mtu wa ukoo wa marehemu. Shangazi hakuuondoa mguu.

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge chake kizuri, akaita kikao yeye mwenyewe. Shefu wa mtaa alikuja, wakunga wakaja, baba muloko akaja na shingo yake. Shangazi alisimama mbele ya mkeka.

"Mi njo mukubwa mu jamaa," akasema. "Ndugu yangu alijenga maisha na huyu mwanamuke. Nyumba ni ya batoto yake, hawa banamuke mbili. Mama yabo atakaa mule mpaka siku ya kufa kwake. Iko vile mu sheria, na iko vile mu kinywa yangu. Kama kuko mutu anakatala, akuye amuinue yeye."

"Yaya, kwetu haiko vile," akasema baba muloko.

"Kwetu ni wapi? Kwetu balinifukuza."

Baba muloko alitazama mkeka. Kisha akaitazama mikono yake, akaitia mfukoni. Hakuna aliyecheka.

Shangazi akainama, akanyoosha mkono, na safari hii mama akaushika. Miguu ilikuwa imekufa ganzi; ilibidi mimi na mdogo wangu tumshike huku na huku, akatembea kama mtoto anayejifunza, mpaka mlangoni. Akasimama juani. Akasema anataka chai, na sukari iwe nyingi. Wakunga walipiga vigelegele mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja kuuliza nani ameolewa.

Mchana mama alimwita baba muloko, akampa koti la baba, kama desturi inavyotaka, na juu ya koti akaweka redio ya baba, ile yenye antena iliyofungwa waya.

"Usikilize siku ya posho," akamwambia, yaani Jumamosi. "Usiifunge."

Baba muloko aliguna, lakini aliichukua. Vijana wale wanne walisukuma lori kutoka matopeni. Tangu siku ile anakuja Krismasi, na mwaka jana alileta mabati ya kuziba dari. Habari ya kuhamishwa bado ni uvumi. Mama bado anaweka kitambaa katikati ya vikombe.

Nilimsindikiza shangazi stesheni. Treni ilikuwa imechelewa, kama kawaida, tukakaa juu ya magunia ya watu. Kwapani alikuwa ameshika kitu kirefu kilichoviringishwa na kufungwa kwa kipande cha kitenge cha mama. Nikatambua ni mkeka.

"Shangazi, ule mukeka si banautupaka?"

"Banautupaka wakati kazi yake ilisha kwisha."

"Uko unaupeleka wapi?"

"Ku lupango yangu," akasema.

Nilimweleza ukweli. Nilimwambia miaka imepita mingi, kwamba watoto wa shemeji zake wamejenga pale, kwamba mwanasheria atataka vyeti, na hakimu anaweza kusema wakati umekwisha. Alinisikiliza huku akitazama reli.

"Aseme," akanijibu. "Lakini aseme mbele yangu. Ile mara mi niliinuka mbio sana."

Nilimpa kurasa nilizonakili, za urithi tu. Alizikunja akazitia ndani ya mkeka, akaufunga tena.

Ilikuwa Jumamosi, majuma kadhaa baadaye, nimetoka tu studio, simu ilipolia kutoka kaskazini. Alikuwa binti yake shangazi, yule aliyekuja kwetu mtoto, sasa mama wa watoto watatu. Nyuma yake nilisikia kelele za watu wengi na jogoo.

"Yaya, mama iko chini mbele ya mulango ya lupango. Shefu alisha kuya, na bandugu ya baba beko hapa. Banamuambia ainuke, anakatala. Anasema usome. Mi niliweka simu na sauti ya nguvu."

Nilikuwa nimesimama barabarani, pikipiki zinanipita pande zote. Kitabu kilikuwa kwenye mkoba. Nikasogea kwenye ukuta, nikakifungua, nikasoma mu Kiswahili ya kwetu, polepole, kwa uwanja wa watu nisiowaona: mutu akikufa, batoto yake njo ba kwanza, banaume na banamuke. Mujane anabakia mu nyumba. Nilipofika mwisho, kelele zilikuwa zimekwisha kule, hata jogoo sikumsikia. Kisha ikaja sauti ya shangazi, karibu kabisa na simu, lakini hakuwa anasema na mimi.

"Munasikia? Iko kutoka zamani."